Uzi maalumu: Simba wa MGM na ile sauti isiyo yake

Mwana wa Doma (mleta mada)

Habari za jioni wakuu.

Nimekulia Doma, pale barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapokaribia kuingia hifadhi ya Mikumi. Sisi simba hatukumjulia vitabuni. Usiku wa kiangazi, pori likishatulia, unamsikia ukiwa kitandani. Anaanza na mguno mmoja wa chini, unakaa kidogo, unakuja mwingine, halafu zinafuata ngurumo zenyewe, nzito, moja juu ya nyingine, kisha anamalizia kwa miguno mifupi mifupi kama mtu anayepasua mbao kwa msumeno kwa mbali, mpaka inafifia. Husikii kwa masikio tu. Unasikia kifuani na kwenye mbao za kitanda.

Nilipokuwa darasa la nne kikafunguliwa kibanda umiza cha kwanza pale kijijini. Jenereta nje, televisheni moja ya inchi 21, deki ya VHS, mabenchi, na magunia yametundikwa madirishani kuzuia mwanga. Siku hiyo baba alinifuata maana nilikuwa nimetoroka kuchunga. Akafika mlangoni wakati kanda ndiyo kwanza inaingia. Akatokea yule simba wa nembo ya MGM, kampuni ya filamu ya Marekani, ndani ya duara la dhahabu, akageuza kichwa, akafunua meno, spika zikapasuka. Watoto tukapiga kelele. Baba akasimama akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Huyo anafoka. Simba hafoki, simba ananguruma." Kisha akanishika mkono tukaondoka.

Nilikasirika wiki nzima. Niliona mzee anaharibu raha. Ilichukua zaidi ya miaka 20 nikiwa mtu mzima kuja kugundua kwamba alikuwa sahihi, na kwamba watu waliotengeneza ile sauti walijua wazi kuwa haikuwa ya simba. Ndiyo sababu ya uzi huu. Nitashusha taratibu, mwenye nyongeza karibu.

Wa Nakuru

Mkuu tiririka, nimesogeza kiti. Hiyo ya sauti imenishtua, nilidhani kila kitu pale ni halisi.

Mwana wa Doma

Tuanze mbali kidogo.

Mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni za filamu zilikuwa na tatizo ambalo hapa kwetu tunalifahamu vizuri: wizi wa kazi. Mtu ananunua nakala ya filamu, anaidurufu, anakata kipande cha mbele chenye jina la mwenyewe, anaiuza kama yake. Pathé wa Ufaransa, ambao nembo yao ni jogoo, wakawa wanambandika yule jogoo ndani ya mandhari yenyewe, ukutani nyuma ya waigizaji, ili ukimkata jogoo uwe umekata filamu nzima. Biograph wa Marekani wakafanya vivyo hivyo na herufi zao AB. Kwa hiyo nembo ya filamu ilianza kama alama ya kwenye ng'ombe: huyu ni wetu. Ndiyo maana hata simba wa MGM, ukimtazama vizuri kwenye filamu za zamani, kushoto na kulia kwake yameandikwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya alama ya biashara.

Sasa simba mwenyewe. Mwaka 1916 huko Marekani ilianzishwa kampuni iitwayo Goldwyn Pictures. Mwanzilishi wake mmoja alikuwa mhamiaji kutoka Warsaw aliyejiita Samuel Goldfish, na wenzake walikuwa ndugu wa ukoo wa Selwyn. Wakachukua mwanzo wa jina lake na mwisho wa jina lao, ikapatikana Goldwyn. Yeye akalipenda jina la kampuni hadi akalifanya lake.

Kazi ya kutafuta alama ikamwangukia kijana wa matangazo, Howard Dietz. Alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako simba ni mnyama wa timu za chuo. Akamchukua simba wa chuoni kwake. Hakumwacha hivi hivi, akamzungushia utepe wa filamu uliokunjwa kuwa duara, na juu yake akaweka maneno ya Kilatini: *Ars Gratia Artis*, sanaa kwa ajili ya sanaa. Filamu ya kwanza ya Goldwyn kutoka na simba ilikuwa *Polly of the Circus*, mwaka 1917.

Mwaka 1924 tajiri wa majumba ya sinema, Marcus Loew, akaunganisha kampuni tatu: Metro Pictures, Goldwyn Pictures na ya Louis B. Mayer. Ndiyo M, G na M. Metro walikuwa na kasuku kwenye nembo yao, lakini alibaki simba. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Goldwyn mwenyewe alikuwa ameshaondolewa kwenye kampuni yake tangu 1922. Jina lake limekaa juu ya lango la MGM miaka yote hiyo na hakuwahi kufanya kazi hapo hata siku moja.

Mama Zuhura

Mwana wa Doma, hongera kwa uzi. Nina swali la mtu asiyejua: simba ni yule yule mmoja tangu 1917? Maana tangu niko mdogo sura naiona haibadiliki.

Mwana wa Doma

Hapana dada. Ni ukoo mzima.

Wa kwanza wa MGM aliitwa Slats. Huyu alizaliwa bustani ya wanyama ya Dublin, Ireland, mwaka 1919, na kule alipewa jina la Cairbre. Mfunzi wake alikuwa Volney Phifer. Filamu ya kwanza ya MGM aliyoonekana ni *He Who Gets Slapped* ya 1924. Enzi hizo sinema zilikuwa bubu, hivyo Slats hangurumi. Anatazama huku, anatazama kule, basi. Mtafuteni mtandaoni mumwone. Mimi katika wote huyu ndiye nimpendaye zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Wa pili ni Jackie, na huyu ndiye wa kwanza kusikika. Mwaka 1928 MGM walitoa *White Shadows in the South Seas*, filamu iliyorekodiwa bila mazungumzo kisha ikapewa muziki na sauti. Ngurumo ya Jackie ilipigwa kwenye ukumbi kutoka kwenye sahani ya gramafoni. Hebu fikiria mtu amezoea miaka yote kuona simba bubu kwenye pazia, siku hiyo simba anamjibu.

Jackie ndiye aliyekaa kwenye filamu za MGM za rangi nyeusi na nyeupe mpaka mwaka 1956. Ni yeye pia anayefungua *The Wizard of Oz* ya 1939, akiwa kwenye ile rangi ya kahawia ya picha za zamani.

Wa rangi ni Tanner. Walijaribu wengine kabla yake, lakini Tanner ndiye aliyedumu, kuanzia 1934 hadi miaka ya 1950. Mama Zuhura, kama umewahi kuangalia Tom na Jerry zile za zamani, yule simba wa mwanzo anayenguruma mara tatu ni Tanner. Akaja George kwa muda mfupi, manyoya ya shingoni yamejaa kweli kweli. Kisha mwaka 1957 akarekodiwa simba kijana aliyeitwa Leo, manyoya haba kuliko wenzake. Huyo ndiye unayemjua wewe na mimi. Alikaa pale hadi 2021. Unaona sura haibadiliki kwa sababu umri wako wote umemwona huyo mmoja.

Kaka Msafiri

Mleta mada hujagusa lililo muhimu. Huyo simba alimuua mfunzi wake na wengine wawili siku ileile ya kurekodi nembo. Nimetumiwa na WhatsApp, na picha ipo kabisa: simba kafungwa mikanda kwenye meza ya chuma, kichwa kimeingizwa kwenye duara la mashine. Unyama mtupu.

Mwana wa Doma

Kaka Msafiri, nilijua hii itakuja, na ni vizuri imekuja mapema.

Picha hiyo ni halisi, ila haina uhusiano wowote na sinema. Ni simba mgonjwa akifanyiwa kipimo cha CT huko Israel mwaka 2005. Lile duara ni tundu la mashine ya hospitali. Mtu akaona simba yuko ndani ya duara, akaandika maneno yake chini, ikasambaa.

Kuhusu kuua: Slats alikufa mwaka 1936, na Volney Phifer akamzika shambani kwake, Gillette, New Jersey, akamwekea jiwe. Ngozi yake leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya McPherson, Kansas. Mfunzi ndiye aliyemzika simba.

Picha ya kweli ya kurekodi ipo, ya mwaka 1928. Simba amewekwa juu ya jukwaa, na hatua chache mbele yake wamesimama mpiga picha na kamera yake ya miguu mitatu na fundi sauti na chombo chake. Mimi niliyelelewa na watu wanaolala wakiilinda mifugo, picha hiyo naitazama kwa muda mrefu kila nikiipata.

Mkitaka kisa cha hatari, kipo cha ndege. Septemba 1927 kampuni iliamua kumsafirisha simba kwa ndege kutoka San Diego kwenda New York kama tangazo. Rubani alikuwa Martin Jensen. Simba akafungwa kwenye kizimba nyuma ya kiti chake. Uzito ukawa mkubwa, ndege ikashindwa kupanda milima ya Arizona, ikaanguka korongoni. Rubani akatoka mzima, simba mzima. Jensen akatembea siku kadhaa nyikani kutafuta watu. Walipomfuata simba walimkuta bado yu hai kizimbani.

Kaka Msafiri

Nashukuru kwa ufafanuzi mkuu. Picha naifuta sasa hivi na nitawaambia wa kwenye grupu.

Babu Projekta

Vijana hamjambo. Nimepitia uzi huu mara mbili na nimefurahi kuona kuna mtu anayajali haya mambo.

Mimi niliendesha projekta jijini Dar es Salaam miaka ya 1970 mpaka kumbi zilipoanza kufungwa. Wacha niwaeleze simba alikuwa nani kwa sisi wa chumba cha juu.

Filamu ilikuja kwenye makopo ya bati, mafundo kadhaa, kila fundo dakika kama 20. Unafunga fundo la kwanza kwenye mashine ya kushoto, la pili kulia. Unawasha karboni mbili, zinagusana, unazitenganisha kidogo, mwanga mweupe unatoka kati yake ambao huwezi kuutazama kwa macho matupu. Unafungua kilango. Kitu cha kwanza kinachopita mbele ya mwanga ni nembo.

Kwa hiyo nembo kwetu ilikuwa kipimo. Herufi za MGM zikionekana na ukungu, unarekebisha lenzi. Duara likiwa yai, kuna kitu hujakifunga sawa. Na ngurumo ilikuwa kipimo cha sauti: ile ya kwanza ukiisikia inakwaruza, unapunguza haraka kabla ya muziki. Kama haifiki benchi la nyuma, unaongeza. Simba akimaliza, mimi nimeshajua usiku wangu utakuwaje.

Siku moja tukapata *Ben-Hur*. Nimewasha, simba ametokea, sauti hakuna. Kichwa hakitikisiki, mdomo umefungwa, kama picha ya ukutani. Nikaongeza sauti, kimya. Chini watu wameanza miluzi na kupiga viti, "Sauti! Sauti!" Jasho likanitoka. Nikajua taa ya kusomea sauti imeungua, nikaanza kufungua mfuniko. Mara muziki ukaanza, safi kabisa. Nilikaa miaka bila kujua kulikuwa na nini.

Mwana wa Doma

Shikamoo babu. Umetuheshimisha kwa kuandika hapa.

Mashine yako haikuwa na kosa lolote. *Ben-Hur* ya 1959 inaanza na kuzaliwa kwa Yesu, na mwongozaji William Wyler aliona haifai simba angurume halafu ifuate hori la Bethlehemu. Akaomba simba anyamaze. Wakatumia picha iliyotulia. Ni moja ya mara chache sana katika historia ya kampuni.

Babu Projekta

Marahaba mjukuu. Kwa hiyo nilifungua mfuniko bure! Mungu akubariki, umenitoa jambo moyoni. Na sasa nikifikiri, alifanya vizuri huyo Wyler.

Wa Nakuru

Boss, turudi kwa sauti. Umesema si ya simba. Ni ya nani?

Mwana wa Doma

Ya chui milia.

Ilikuwa hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 rekodi za zamani za ngurumo zilikuwa zimechoka. Zilirekodiwa kwa vyombo vya enzi zile, sauti ya njia moja, na sasa kumbi zilikuwa zinaingia kwenye mfumo mpya wa sauti wa Dolby. Mwaka 1982 MGM walikuwa wanatoa *Poltergeist*, na mtengeneza sauti wa filamu hiyo, Mark Mangini, akaiunda upya ngurumo ya nembo. Akatumia sauti za chui milia. Alishaeleza mwenyewe kwamba simba hawatoi ule ukali, na nembo ilitakiwa iwe na ukali pamoja na utukufu. Katikati ya miaka ya 1990 ikatengenezwa tena kwa mfumo wa kidijitali, ukali ule ule.

Kwa hiyo ile kanda ya kijijini kwetu ilikuwa na uso wa simba aliyerekodiwa 1957 na koo la mnyama wa Asia ambaye hajawahi kukanyaga pori la Afrika. Baba yangu, mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti cha ukumbi wa sinema, alilitambua hilo kwa sekunde chache akiwa mlangoni.

Fundi Sauti

Naomba niongeze hapa kwa upande wa ufundi maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Ngurumo halisi ya simba imekaa chini sana. Nguvu yake kubwa iko kwenye mawimbi mazito, ndiyo maana inasafiri mpaka kilomita 8 usiku na ndiyo maana Mwana wa Doma aliisikia kwenye mbao za kitanda. Sasa chukua sauti hiyo uiweke kwenye televisheni ya inchi 21 yenye spika ndogo kama kisosi. Mawimbi mazito hayatoki. Utabaki na mguno dhaifu kama wa ng'ombe aliye mbali. Hata spika za kumbi nyingi za zamani zisingeweza kuitoa inavyotakiwa.

Chui milia akikoroma kwa hasira ana ile mikwaruzo ya katikati na juu. Hiyo inapenya kila spika, hata ya redio ya betri. Kwa hiyo Mangini hakuwa anadanganya kwa kupenda tu, alikuwa anatatua tatizo. Mimi mwenyewe nikitengeneza sauti ya mlango mzito wa chuma, mara nyingi mlango wenyewe haumo.

Jambo la pili ni mdomo. Simba anaponguruma kweli, kichwa anakishusha mbele, mdomo unafunguka nusu, sauti inasukumwa kutoka kifuani na tumbo linaingia ndani. Haonyeshi meno yote. Leo wa 1957 kafunua kinywa na meno yote nje. Picha ya namna hiyo ukiiwekea ngurumo halisi ya mbugani, jicho na sikio havitakubaliana. Picha yenyewe ilikuwa inaomba mkoromo.

Mwana wa Doma

Fundi, hapo kwenye mdomo sikuwa nimepaona hivyo. Nimerudia kuangalia sasa hivi na ni kweli kabisa.

Lakini niseme ninachokiona mimi. Sikatai kwamba ni kazi nzuri, na kama kazi ya mikono naiheshimu. Kinachoniuma ni kwamba dunia nzima sasa inaamini simba yuko hivyo. Watoto wa mjini, hata hapa hapa Tanzania, ukiwaambia "lia kama simba" wanakoroma kama chui milia. Nimejaribu kwa watoto wa dada yangu Dar es Salaam. Watatu, wote. Nchi yenye Serengeti, Ruaha na Mikumi, na watoto wetu wanaijua sauti ya simba kutoka kwenye studio ya California.

Ndiyo maana nilisema nampenda Slats. Anakaa tu. Anageuza shingo polepole, anakutazama, anapeleka macho pembeni kama asiyekuhitaji. Wazee walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Waliomrekodi 1924 hawakuwa na namna, sinema ilikuwa bubu, lakini walichokipata ndicho kilicho karibu zaidi na simba ninayemjua.

Wa Nakuru

Na ubaya zaidi, hawa MGM walikuwa huku kwetu! Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia juu ya Wazungu wa sinema waliojaza malori Nairobi.

Mwana wa Doma

Walikuja, tena zaidi ya mara moja.

Yule W. S. Van Dyke aliyeongoza *White Shadows*, filamu ya kwanza yenye ngurumo, mwaka 1929 MGM walimtuma Afrika Mashariki kupiga *Trader Horn*. Walizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, wakaja na magari ya kurekodia sauti, vyombo vizito vilivyosumbua njia nzima. Mwigizaji wao mkuu wa kike, Edwina Booth, aliugua sana safari hiyo na baadaye akaishtaki kampuni. Mkenya Mutia Omoolu alicheza nafasi kubwa na akapelekwa hadi Hollywood kumalizia vipande. Filamu ilitoka 1931, na picha zilizobaki zikatumika kwenye *Tarzan the Ape Man* ya 1932, ambayo waigizaji wake walipigwa picha California.

Baadaye wakaja kwa *King Solomon's Mines* ya 1950, kisha *Mogambo* ya 1953, ya John Ford, na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Walitangaza jina hilo kama neno la hapa lenye maana ya mapenzi makali. Katika Kiswahili neno hilo halipo. Tunalo mgambo, na kila anayefanya biashara barabarani anajua maana yake.

Kwa hiyo gari la sauti la MGM lilishalala kwenye nchi ya simba, usiku, na mafundi wake bila shaka walisikia nilichosikia mimi.

Mama Zuhura

Hilo la mgambo nimelisoma kwa sauti mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Niulize la mwisho. Binti yangu anasomea ubunifu wa michoro chuoni. Ameniambia nembo nzuri ni ile isiyo na vitu vingi. Hii ya simba ina utepe, maandishi, kinyago, mnyama. Imewezaje kudumu?

Mwana wa Doma

Swali zuri sana, na walishajaribu kufuata ushauri wa binti yako. Mwaka 1966 waliagiza nembo mpya: simba wa mchoro, mistari michache tu ndani ya duara, hana sauti, hatikisiki. Ilitumika kwenye filamu chache mno, mojawapo *2001: A Space Odyssey* ya 1968, ambako inakaa vizuri kwa kuwa filamu yenyewe ni ya anga na mashine. Kisha kwenye filamu wakaiacha wakamrudisha Leo. Mchoro ule ulibaki kwenye hoteli na sahani za muziki.

Mimi nadhani imedumu kwa sababu vile vitu vingi vyote vinaelekeza jicho mahali pamoja. Mwambie binti yako aisimamishe picha na afunike simba kwa kidole. Ataona utepe wa filamu umejikunja kuwa dirisha, ncha zake zinatelemka pande mbili kama pazia, kinyago cha maigizo kipo chini katikati, maneno ya Kilatini yamepinda juu kama tao la mlango. Ni fremu ya dirisha. Akiondoa kidole, kuna kiumbe hai ndani yake, na katika picha nzima ni yeye peke yake anayetikisika. Mlima wa kwenye nembo ya Paramount, kampuni nyingine ya filamu, haukutazami. Simba anakutazama.

Nina wasiwasi na wa sasa. Tangu 2021 Leo ameondolewa, amewekwa simba wa kompyuta aliyechongwa kumfuata yeye, kila unywele unaonekana. Maneno ya juu yanaanza kwa Kiingereza kisha yanageuka Kilatini. Amazon walikamilisha kuinunua kampuni Machi 2022 kwa dola bilioni 8.45, simba akaenda na mali. Ni kazi safi, siwezi kusema uongo. Ila Leo alikuwa anapepesa macho kwa sababu taa zilimwumiza au alichoka au alimwona mtu. Huyu wa sasa anapepesa kwa sababu mtu aliamua apepese.

Fundi Sauti

Mkuu, umewahi kumsikilizisha mzee sauti hizi akiwa anajua anachosikiliza?

Mwana wa Doma

Sikukuu ya Pasaka iliyopita nilikwenda nyumbani na spika nzuri, ile yenye uzito wa chini. Baba sasa ana miaka 78, macho yamepungua lakini masikio yapo. Tulikaa nje baada ya chakula. Sikumwonyesha picha yoyote, nilimpigia sauti tu.

Nikaanza na ile ya 1982. Akacheka, akasema, "Huyu wa kibandani." Anakumbuka.

Nikapiga Jackie wa 1928, ile rekodi iliyojaa mikwaruzo kama mvua kwenye bati. Akainua mkono ninyamaze. Ilipoisha akaomba tena. Akaomba mara ya tatu, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Akauliza huyu alirekodiwa wapi, nikamwambia Marekani, kabla hajazaliwa.

"Huyu amefungwa," akasema. "Lakini ni simba."